Jinsi ya kuzuia mlipuko wa magonjwa ya mbu mtaani kwako, tunavyofanya sisi huku Moshi

Mvua za vuli zinakaribia huku kwetu alafu Desemba ndo hiyo inakuja, na kila mtu wa Moshi anajua Desemba maana yake nini, mabasi yanapanda kutoka Dar na Tanga yamejaa mpaka mlangoni, watu wanarudi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, na watoto na wajukuu, na kama huko walikotoka kuna dengi, ile homa inayoenezwa na mbu, basi dengi nayo ipo ndani ya basi, ipo kwenye damu ya mtu ambaye hata hajaanza kuumwa. Akishuka stendi akaenda zake Pasua au Majengo au Kiborloni, kama ugonjwa utaishia kwake au utaingia mtaa mzima inategemea maji yaliyosimama kwenye ndoo na matairi ya nyumba aliyofikia na ya majirani zake. Gari la kupulizia dawa likija linakuta mambo yameshatokea.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kata moja ya chini huku mjini, na naandika hii kwa wenzangu, wenyeviti wa mitaa, walimu, vijana wa usafi, mtu yeyote anayetaka mtaa wake uwe tayari. Hela nyingi haihitajiki. Inahitaji watu wachache wasiochoka na daftari moja.

Hatua ya 1: Mjue mbu unayepambana naye

Watu wengi wanadhani mbu ni mbu tu, kumbe hapo ndo tunapokosea mwanzo kabisa. Huku kwetu kuna wa aina tatu wa kuwajua.

Wa kwanza ni anofelesi, wa malaria. Anauma usiku, akitua ukutani anainua mkia juu, na anapenda maji yaliyotulia yanayopigwa jua, madimbwi, alama za kwato za ng'ombe, majaruba ya mpunga. Kiluwiluwi chake kinalala juu ya maji sambamba na uso wa maji.

Wa pili ni aedesi, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, huyu ndo wa dengi, ambayo wengine wanaiita kidingapopo, na wa chikungunya. Anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama, na anataga kwenye maji yaliyo kwenye vyombo vyetu wenyewe. Mayai yake anayabandika kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yakikauka yanakaa hai miezi, ukija kujaza maji tena yanaanguliwa. Shika hilo la mayai, tutalirudia.

Wa tatu ni kuleksi, anayetupigia kelele sikioni usiku, anazaliana kwenye maji machafu, choo, chemba, mitaro iliyoziba. Huyu ndo anaeneza matende na mabusha hasa kule pwani.

Viluwiluwi vya hawa wawili wa mwisho vinaning'inia kichwa chini. Kwa hiyo ukimulika pipa ukaona vimening'inia namna hiyo kwenye maji masafi, kuna uwezekano mkubwa ni aedesi, na aedesi kwa kawaida haruki mbali, mita mia chache tu. Maana yake mbu wa dengi anayekuuma wewe amezaliwa kwako au kwa jirani yako, huwezi kumsingizia mtu wa kata nyingine.

Hatua ya 2: Pata watu na pata ruhusa

Usianze kuingia kwenye majumba ya watu na tochi bila utaratibu, utafukuzwa na utakuwa umeharibu kazi ya mwaka mzima. Anza kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, waeleze, alafu afisa afya wa kata ajue, yeye ndo mwenye sheria mkononi na ndo njia yako ya kupata dawa ya kuua viluwiluwi baadae. Omba nafasi kwenye mkutano wa mtaa. Mabalozi wa nyumba kumi wakikubali umeshafika nusu ya safari. Alafu usisahau kanisani na msikitini, huku Moshi tangazo likisomwa Jumapili baada ya ibada au baada ya swala ya Ijumaa linafika mahali ambapo karatasi ya ofisi ya mtaa haifiki.

Timu yetu ni ya watu wawili wawili, na lazima mmoja awe mtu wa mtaa huo huo anayejulikana, na ikiwezekana awepo mwanamke, manake nyumba nyingi mchana utamkuta mama au dada wa kazi peke yake.

Na namna ya kuongea ni kazi kabisa sio mapambo. Nilifika kwa bibi mmoja ana mapipa matatu uani, nikasema shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu karibu, nikakaa kwanza tukaongea habari za shamba na migomba yake. Nilipomuomba nimulike pipa akasema hayo maji ni masafi ya mvua, amekinga mwenyewe, wala hayana uchafu. Nikachota kwa kikombe cheupe nikamuonyesha vile vidudu vinavyocheza akaviangalia kimya muda mrefu alafu akasema kumbe hivi ndo mbu, mimi siku zote najua ni wadudu wa maji tu. Toka siku hiyo yeye ndo anayekagua majirani zake. Kwa hiyo kikombe cheupe ni kifaa cha lazima, mwenye nyumba aone kwa macho yake, maneno peke yake hayamfikishi.

Hatua ya 3: Chora ramani ya maji

Siku moja tembeeni mtaa mzima bila kukagua ndani, mnachora tu. Gereji na mafundi pancha wenye matairi yapo wapi, wanaouza vyuma chakavu wapi, nyumba zinazojengwa (hapa andika kwa wino mwekundu, mapipa ya maji ya zege na mashimo ya msingi ni balaa), shule, soko, mitaro, visima, nyumba za kupanga zenye vyumba vingi na uwanja mmoja ambapo hakuna anayejiona mwenye ule uwanja. Kama mtaa upo karibu na mifereji ya mpunga chora nayo. Mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga, inayoshuka na maji yanayokimbia usihangaike nayo sana, mbu hatagi kwenye maji yanayokwenda kasi, angalia pale mfongo umebomoka maji yakatuama pembeni.

Ukimaliza utaona kitu, sehemu hatari haziko kila mahali sawa sawa. Kuna kona mbili tatu zinazolisha mbu mtaa mzima. Anzia hapo.

Hatua ya 4: Kagua kila wiki, siku ile ile

Kwa nini kila wiki? Kwa sababu kwenye joto la huku chini kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku kama saba mpaka kumi. Ukipita kila baada ya siku saba unamkuta bado yupo majini, ukipita kila mwezi unakuta ameshaoa na ameshaolewa na mayai mapya yapo kwenye pipa. Sisi tulichagua Jumamosi asubuhi kwa sababu watu wapo nyumbani na wanafunzi wanaweza kusaidia.

Beba tochi, kikombe cheupe au upawa, daftari, brashi ngumu ya kusugulia. Zunguka nyumba kwa mwelekeo mmoja, sisi tunaanzia mkono wa kulia wa geti, ili usiruke kitu. Mapipa, ndoo, simtanki ambazo mfuniko umepotea, beseni la kuku, sahani za chini ya maua, makopo ya rangi, chupa zilizokatwa, matairi, turubai lililofunika matofali likatengeneza bonde, gata zilizoziba majani (panda ngazi uangalie, wengi hawapandi). Ndani ya nyumba angalia trei ya nyuma ya friji na ndoo za chooni. Kihambani angalia vyombo vya maua makaburini, manake sisi huku tunazika nyumbani na makaburi yetu yana vigae na vyombo vizuri vya maua, na mvua ikinyesha vinajaa na hakuna anayeenda pale mpaka Krismasi. Kwenye migomba maji yanakaa pale jani linapokutana na shina na kuna jamii ya aedesi wanaotaga humo, hauwezi kumaliza migomba yote na usijaribu, ondoa tu iliyosongamana karibu na madirisha.

Hatua ya 5: Andika namba, namba ndo zitakutetea

Hii watu wanairuka na mimi naisisitiza kuliko zote. Kila nyumba andika vitu vitatu: imekaguliwa, vyombo vingapi vilikuwa na maji, vingapi vilikuwa na viluwiluwi. Basi.

Mwisho wa siku fanya hesabu mbili. Ya kwanza ni nyumba zenye viluwiluwi gawanya kwa nyumba ulizokagua zidisha 100. Tuseme umekagua 50 ukakuta 10 zinavyo, hiyo ni asilimia 20. Ya pili ni vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100, tuseme kwenye zile 50 ulikuta vyombo 15, basi ni 30 kwa nyumba 100. Hizi ndo hesabu hizo hizo wanazotumia wataalamu wa wadudu duniani kote kwa ajili ya dengi, hakuna siri yoyote.

Usisumbuke na namba kamili ya kusema sasa tupo salama, angalia mwendo wake. Ikishuka wiki tatu mfululizo kazi inafanya kazi, ikipanda ghafla baada ya mvua unajua wapi pa kukimbilia. Na ukienda halmashauri kuomba dawa au gari la takataka ukiwa na daftari la miezi mitatu hawakujibu kama wanavyomjibu mtu aliyeenda na malalamiko. Kuna ofisi moja nilienda mara mbili mikono mitupu nikaambiwa nisubiri bajeti, mara ya tatu nilienda na namba za mtaa mzima, gari la taka likaja Alhamisi.

Hatua ya 6: Ondoa, sugua, funika, na mwisho kabisa ndo dawa

Mpangilio huo ni muhimu. Kitu kisichotumika kiondoke kabisa, kopo litobolewe au lipelekwe dampo. Tairi likatwe, au litobolewe chini maji yatoke, au lijazwe udongo lipandwe maua, na mafundi pancha wakiwekewa kibanda cha bati wanakubali vizuri tu kwa sababu hata wao jua linawaharibia mali.

Chombo kinachotumika kimwagwe kila wiki na KISUGULIWE. Narudi pale kwenye mayai, ukimwaga maji tu ukaacha ukuta wa pipa ulivyo mayai yamebaki yamebandika yanakusubiri ujaze tena. Sugua kwa brashi na sabuni pale kwenye mstari wa maji, suuza, mwaga kwenye udongo mkavu. Mama wengi wananiambia mbona mimi namwaga kila siku na bado wapo, nauliza unasugua? Hapana. Basi hapo.

Pipa kubwa ambalo hauwezi kumwaga kwa sababu maji yenyewe ya kukinga (na mimi siwezi kumwambia mtu amwage maji ya wiki nzima wakati bomba limekauka) lifunikwe kwa mfuniko unaobana au kwa kitambaa cha neti kilichofungwa kamba kuzunguka mdomo, kisiguse maji. Simtanki bila mfuniko hivyo hivyo. Bomba la hewa la choo cha shimo liwekewe wavu juu, chemba zifunikwe na nyufa zizibwe.

Palipobaki, madimbwi makubwa, chemba, mitaro isiyozibuka, ndo unaweka dawa ya kuua viluwiluwi. Nchini kwetu kuna kiwanda Kibaha kinachotengeneza viuadudu vya kibaiolojia kwa teknolojia kutoka Cuba, hivi ni vijidudu vinavyoua kiluwiluwi kikivila, na havidhuru mtu wala ng'ombe wala samaki. Ila elewa vinavyofanya kazi: kiluwiluwi lazima kile. Kikishafika ile hatua ya kujikunja kama mkato wa kuandikia hakili tena, dawa haikigusi, kwa hiyo lazima urudie kama ilivyoandikwa kwenye chombo na sio kuweka mara moja ukaondoka. Pitia kwa afisa afya, ndo anajua kipimo. Na oili chafu ya gari tafadhali sana usimwage, najua wazee walitumia zamani, inaharibu maji na udongo na mvua ikija inashuka nayo mpaka mashambani.

Hatua ya 7: Mpunga unataka mpango wake

Kwa walio Mabogini, Chekereni, Oria na huko chini kote. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, inatulisha, hakuna anayetaka iondoke. Lakini jaruba likiwa limepandikizwa juzi, mpunga bado mfupi, maji wazi yanapigwa jua, hapo anofelesi anazaliana kupita wakati wowote, mpunga ukishafunika wanapungua. Kwa hiyo nguvu zote ziwekwe kwenye zile wiki za mwanzo. Chama cha umwagiliaji kikikubali kutoa maji kwa zamu, yaani jaruba linywe likauke siku chache alafu linywe tena, viluwiluwi vinafia kwenye tope na maji yanaokolewa yafike kwa wenzenu wa mwisho wa mfereji. Hiyo lazima ikubaliwe na mfereji mzima, mkulima mmoja akifanya peke yake haisaidii. Sawazisha jaruba vizuri, vishimo vilivyobaki na maji ndo vitakavyokuangusha.

Alafu mbu wa huko amezoea dawa. Watafiti walishaonyesha miaka mingi kwamba anofelesi wa Lower Moshi anavumilia zile dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndo zipo kwenye neti za kawaida na makopo mengi ya dukani. Na anauma ng'ombe kama anavyouma mtu, na anauma nje pia, kwa hiyo jioni mkikaa nje mnapiga stori vaeni mikono mirefu na mpake dawa ya kufukuza mbu, neti inakusubiri kitandani lakini haikusaidii kibarazani.

Hatua ya 8: Neti

Fupi tu. Lala ndani yake kila siku hata kiangazi. Ioshe taratibu kwa sabuni ya kipande, ianike kivulini, jua linaua dawa yake. Usizungushie bustani ya mchicha wala banda la kuku. Mjamzito akianza kliniki mapema aulizie neti na dawa za kuzuia malaria. Kama mnapewa za kuchagua, zile mpya zenye dawa mbili ni bora, utafiti mkubwa uliofanyika Misungwi kule Mwanza, wakiwemo watafiti wa chuo cha KCMC hapa hapa Moshi, ulitoa majibu 2022 kwamba watoto waliolalia neti zilizoongezwa dawa ya klorofenapa walipata malaria pungufu kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili ukilinganisha na neti za kawaida. Hilo ni jambo kubwa sana na limetoka kwetu.

Na kwa dengi, mtoto anayelala mchana alale kwenye neti. Aedesi hangoji usiku.

Hatua ya 9: Homa ipimwe, na ikipimwa isikilizwe

Hapa naomba msome taratibu. Kati ya 2007 na 2008 hospitali mbili hapa Moshi zilifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya 500 waliambiwa wana malaria. Waliothibitika kuwa na malaria kweli walikuwa 14. Na wakati huo huo walipowapima wagonjwa kwa chikungunya wakakuta 55 wanayo, yaani ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa anauwazia mjini kwetu ulikuwa mkubwa kuliko ule ambao kila mtu anautaja. Mimi nikisoma hiyo naumia, manake ndo namna mlipuko unavyojificha, unavaa jina la malaria na kila mtu anatulia.

Kwa hiyo sheria ya mtaa wetu ni hii. Homa yoyote, kituo cha afya ndani ya siku hiyo hiyo, kipimo cha malaria. Ikiwa malaria, dawa mseto, zote, zimalizike. Ikiwa sio malaria, usinunue mseto "kwa usalama" alafu ukalala, uliza basi ni nini. Dalili za dengi ni homa kali ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho, mwili na viungo, mara nyingine vipele. Chikungunya inapiga viungo zaidi, jina lenyewe ni la Kimakonde lenye maana ya kujipinda, kutokana na mlipuko wa 1952 huko Newala, wagonjwa walikuwa wanatembea wamejikunja kwa maumivu.

Ukishuku dengi meza parasetamo na kunywa maji mengi, uji, madafu, supu. USIMEZE aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka daktari aseme, zinaongeza hatari ya kutoka damu, na hili wenye maduka ya dawa mtaani walijue kabla ya mtu mwingine yeyote, tembelea duka moja moja uongee nao. Na hatari kubwa inakuja homa ikishaanza kushuka, watu wanasema amepona, kumbe masaa 24 mpaka 48 yanayofuata ndo ya kumwangalia. Tumbo linauma sana, anatapika bila kuacha, fizi au pua zinatoa damu, anahema haraka, amelegea au hatulii, huyo ni wa hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi.

Kwa wafugaji wa tambarare na ndugu zetu wa Longido na Simanjiro, kuna homa ya Bonde la Ufa, nayo inaenezwa na mbu. Mlipuko wa 2007 ulianzia Ngorongoro baada ya mvua kubwa ukaua watu zaidi ya 100 nchini. Ishara yake ya kwanza inakuja kwa mifugo, ng'ombe na mbuzi wengi wanatupa mimba kwa mkupuo na ndama wanakufa baada ya mvua nyingi. Ukiona hivyo mwite daktari wa mifugo kabla haujachinja wala kugusa mtoto aliyetupwa kwa mikono mitupu, nyama na maziwa ya mnyama mgonjwa usitumie.

Ukikuta homa tatu nne zinazofanana ndani ya wiki kwenye nyumba za karibu, na vipimo vya malaria havisemi kitu, mpigie afisa afya siku hiyo hiyo, au piga 199, ni bure, namba ya Wizara ya Afya. Usisubiri uwe na uhakika. Uhakika ni kazi ya maabara, kazi yako ni kusema mapema.

Hatua ya 10: Mlipuko ukithibitishwa

Hapa wataalamu wa halmashauri na mkoa wanachukua usukani na wewe unakuwa mikono yao. Mgonjwa alale ndani ya neti mchana na usiku kwa siku zile za homa, kama tano za mwanzo, kwa sababu mbu akimnyonya kipindi hicho ndo anabeba ugonjwa kwenda kwa mwingine. Watu wengi wanadhani neti ni ya kumlinda mgonjwa, hapa inalinda majirani. Kagueni nyumba zote zinazomzunguka siku hiyo hiyo msisubiri Jumamosi, na muulize kila nyumba nani mwingine ana homa.

Gari la kupulizia moshi likija tangazeni jana yake, chakula na maji vifunikwe, milango na madirisha yafunguliwe, watoto na wagonjwa wa pumu watolewe. Lakini waambieni watu ukweli, ule moshi unaua mbu wanaoruka saa hiyo, viluwiluwi vilivyo kwenye pipa haviguswi na ndani ya wiki wanatoka wapya. Kuna mtaa niliuona ulipuliziwa watu wakashangilia wakaacha usafi kabisa, wiki mbili baadae mbu walikuwa wale wale. Dawa ukoko, ile inayopakwa kwenye kuta za ndani, ni kitu kingine, inakaa miezi na inafaa zaidi kwa mbu wa malaria anayetua ukutani, msichanganye hizo mbili mkaona mmeshapuliziwa basi imeisha.

Hatua ya 11: Kabla ya Desemba, na baada yake

Mwezi wa kumi na moja wote sisi tunaongeza ukaguzi uwe mara mbili kwa wiki kwenye zile kona mbaya za ramani, na kihambani tunawaomba wenye nyumba wasafishe gata na vyombo vya makaburini mapema kabla wageni hawajafika, sio siku ya kupaka rangi. Wageni wakifika balozi anapita kuwasalimia kama kawaida yetu, na katika kusalimia anauliza kuna aliyekuja na homa au aliyetoka sehemu yenye dengi. Mgeni akisema ndio, neti inapatikana siku hiyo, na nyumba hiyo inaingia kwenye orodha ya kukaguliwa kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili, manake mtu aliyeumwa na mbu huko anaweza kuanza kuumwa siku nne mpaka kumi baadae akiwa hapa.

Januari watu wakishaondoka msifunge daftari. Kiangazi ndo maji yanakatika na kila nyumba inajaza mapipa, na aedesi hahitaji mvua, anahitaji pipa lako. Jumamosi ya kwanza ya Januari sisi tunaanzia kwenye nyumba zilizobaki zimefungwa baada ya wenyewe kurudi Dar, tukiwa na ufunguo wa jirani aliyeachiwa, na simtanki ya uani ndo ya kwanza kufunguliwa.